Goti la Lamara na Sindano ya Jirani

Mke wangu Lamara alibebwa mara mbili kwenda makaburini. Mara ya pili alikuwa ndani ya jeneza na hakuwa na la kusema. Mara ya kwanza alikuwa hai, ameketi kwenye kiti cha jikoni, na alikuwa na mengi ya kusema.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Siku hiyo hapa mjini kwetu Kutaisi kila mtu huwaendea wafu wake na kikapu chenye mayai mekundu, mkate wa Pasaka na divai. Mwanetu Gocha, aliyetuacha kwa ajali ya gari, amelala juu kabisa ya kilima, kwa sababu wakati wake sehemu za chini zilikuwa zimejaa. Kufika pale kuna ngazi za zege, na magoti ya Lamara yalikuwa yamesagika. Akipiga magoti kanisani, ilibidi wanawake wawili wamwinue. Basi Jumber, jirani yetu wa ghorofa ya pili, akaja na wanawe wawili wenye mabega kama milango, wakamketisha kwenye kiti na kumwinua.

Katikati ya ngazi mmoja aliteleza. Kiti kikainama, Lamara akashika kitu cha kwanza alichokiona, na kitu hicho kilikuwa nywele za Jumber.

"Shemeji, zimebaki chache," Jumber akasema. "Ukizimaliza, mke wangu atauliza tulikuwa tunafanya nini makaburini."

Watu waliokuwa wakipanda walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lamara hakucheka, na kule juu hakuviringisha yai kwenye kaburi kama ilivyo desturi. Alinipa mimi niviringishe. Tuliporudi nyumbani akavua kitambaa chake cheusi, akakikunja, akasema, "Mwakani nitapanda mwenyewe au siendi. Sitaki mwanangu aone naletwa kama kabati."

Nilimwambia wafu hawaangalii mambo kama hayo. Akanijibu kwamba mimi sijui wafu wanaangalia nini.

Tulianza kutafuta tiba. Daktari wa upasuaji hospitalini alitazama picha, akasema magoti yote mawili yabadilishwe, aanze na la kulia. Lamara akauliza kama kuna watu hufia mezani. Daktari alikuwa mkweli, akasema ni wachache sana, lakini wapo. "Basi," akaniambia nje, "nikiwa miongoni mwa hao wachache, nani atampelekea Gocha yai?" Nikasema mimi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto aliyesema atapika chakula cha harusi.

Wakati wa baridi shemeji yangu anayekaa mji wa Batumi alituletea habari za kliniki moja ya hapa kwetu iliyokuwa ikichoma sindano za damu ya mgonjwa mwenyewe. Mlangoni pake palikuwa na bango kubwa: mwanamke wa umri wetu anaruka dimbwi la maji, na juu yake maneno "Goti jipya bila kisu". Lamara alisimama mbele ya bango lile kwa muda mrefu, ameegemea fimbo yake. Nilijua anatazama magoti ya yule mwanamke.

Daktari aliitwa Mindia. Alikuwa kijana, ndevu zimenyolewa vizuri, na alikuwa na tabia ya kuzungumza huku akitazama viatu vya mgonjwa.

"Mama, tunachukua damu yako kidogo mkononi. Tunaiweka kwenye mashine, inazungushwa kwa kasi mpaka yale maji ya manjano yanajitenga. Humo mna vichembe vile vinavyofunga kidonda ukijikata. Maji hayo ndiyo tunayoyachoma gotini."

"Damu yangu mwenyewe?"

"Yako mwenyewe."

"Mnaitoa mkononi mnaipeleka gotini?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa si ingeshuka yenyewe? Imekuwa ikishuka miaka yote."

Mindia alicheka, akaacha kutazama viatu. Akaeleza kwamba gegedu, ile nyama ngumu inayokaa kati ya mfupa na mfupa, haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikisagika haijitengenezi. Lamara aliitikia kwa kichwa. Mimi nikauliza lililonikaa kooni.

"Kwenye bango mmeandika goti jipya."

"Mzee, walioandika bango hawakuniuliza."

"Ungeulizwa ungeandikaje?"

Akafikiri. "Ningeandika wengine hupata nafuu na wengine hawapati. Na magoti ya mama yamekwenda mbali. Angekuwa mama yangu, ningempeleka kwenye upasuaji."

"Mimi si mama yako," Lamara akasema taratibu. "Niliyemzaa yuko juu ya kilima. Chukua damu."

Akachukua. Tulikaa tukisikiliza mashine ikivuma. Kabla ya kumchoma, Mindia alirudi kwenye viatu na kusema jambo moja ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. Alisema goti litauma na kuvimba, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa mwili unaitwa uje ufanye kazi. Kwa hiyo tusitumie dawa yoyote ya kuua uvimbe, iwe ya vidonge au ya sindano, mpaka wiki kadhaa zipite baada ya sindano ya mwisho. Barafu ruksa, parasetamoli ruksa. Basi.

"Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," Lamara akasema, na mimi pia nikasema.

Jioni ile goti lilivimba kama mkate. Lamara hakuwa mtu wa kulia, lakini alianza kuimba kwa sauti ya puani wimbo usio na maneno, na hilo kwake lilikuwa zaidi ya kulia. Barafu ya friji yetu ikaisha. Nikatoka kwenda kutafuta nyingine dukani.

Lazima nieleze kuhusu Zhuzhuna. Kila jengo la ghorofa hapa kwetu lina mwanamke anayechoma sindano. Mgongo ukikukaza, meno yakikuuma, unamwita, anakuja na kisanduku chake cha bati, unalala kifudifudi, mnaongea bei ya unga huku anakuchoma matakoni, anakunywa kahawa, anaondoka. Wa kwetu alikuwa Zhuzhuna wa mlango wa pili. Hakuwahi kuwa muuguzi. Alijifunza kwa kumchoma mama mkwe wake, na jengo zima lilijua kwamba alijifunza kwa moyo wote. Tangu hapo ametuchoma sote, na watoto wetu, na hata mbwa wa Jumber. Mtu hawezi kusema sindano ya Zhuzhuna ni dawa, kama vile hawezi kusema chumvi ni chakula. Ipo tu.

Niliporudi na barafu Lamara alikuwa amelala fofofo. Nikafurahi, nikaiweka barafu kwenye friji.

Asubuhi nilisikia vyombo jikoni. Alikuwa amesimama, fimbo imeegemezwa mlangoni, anakoroga lobio, mchuzi wetu wa maharage. Kwaresima ilikuwa imeanza, hatukuwa tunakula nyama wala mayai. Akanigeukia na uso ambao nilikuwa sijauona tangu Gocha.

"Imefanya kazi," akasema.

Mpaka mchana jengo lote lilikuwa limejua. Nilimpigia shemeji Batumi. Jumber alipanda na sufuria iliyofunikwa kwa taulo.

"Supu ya makongoro," akatangaza. "Gegedu kwa gegedu. Ng'ombe huyu hakuwahi kuumwa magoti."

"Ni Kwaresima, Jumber," nikasema.

"Mtu ndiye anayefunga. Goti halifungi."

"Goti langu limebatizwa pamoja na mimi," Lamara akasema kutoka jikoni. "Rudi nayo, Mungu akubariki, ila acha harufu kidogo."

Tulicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa uchungu kuliko vilio vingine vya nyumba hii.

Furaha ilidumu siku chache, kisha goti likarudi lilipokuwa. Tulipokwenda kwa sindano ya pili, Mindia aliuliza kama kulikuwa na nafuu. Lamara akasema nafuu kubwa, kesho yake tu alisimama jikoni. Mindia akakunja uso kidogo, akasema si kawaida kuwa haraka hivyo. Akauliza kama tulitumia dawa yoyote.

"Hakuna dawa," Lamara akajibu, wala hakupepesa macho. Hakuwa anadanganya. Nimemjua maisha yangu yote, najua alivyokuwa akidanganya. Alikuwa akishika hereni. Siku ile hakushika hereni.

Ikawa vilevile. Jioni uvimbe, mimi kutafuta barafu, asubuhi Lamara amesimama, kisha siku chache baadaye maumivu yaleyale. Akaanza kufanya mazoezi kwenye ngazi za jengo, ameshika ukuta, anapanda hatua mbili tatu na kurudi, akinitazama kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Nilimsifu. Pasaka ilikuwa inakaribia na nilianza kuamini bango.

Jioni ya sindano ya tatu nilitoka kama kawaida, nikafika chini, nikakumbuka sina sarafu ya kurudia. Lifti yetu haipandi bila kula sarafu, na mimi pia si kijana. Nikapanda kuifuata kwa miguu, nikafungua mlango polepole nisimsumbue mgonjwa.

Lamara alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi. Zhuzhuna amesimama juu yake, miwani puani, sindano imeelekea dari, anaigonga kwa ukucha.

"Funga mlango, shemeji, kuna baridi," Zhuzhuna akasema.

"Unafanya nini?"

"Unaona ninachofanya."

"Hiyo ni dawa gani?"

"Ya maumivu. Ileile ya siku zote. Ile niliyokuchoma wewe wakati wa mgongo."

"Inaua uvimbe?"

"Inaua kila kitu," akasema kwa fahari, akachoma.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, kilekile. Nilisikia sauti yangu ikiuliza kama alimchoma pia mara ya kwanza na mara ya pili. Akasema ndiyo, sasa angemwacha mtu aimbe vile? Alimsikia kupitia ukutani. Nikamwambia daktari alikataza. Akageuka taratibu akimtazama Lamara.

"Lamara, dada, daktari alikataza?"

"Alikataza dawa," Lamara akasema, uso umezama kwenye kochi. "Hakusema chochote kuhusu Zhuzhuna."

"Alisema vidonge na sindano," nikasema.

"Nilidhani ni sindano za hospitalini."

Hapo nilipandisha sauti, jambo ambalo watu wa jengo letu watakwambia silifanyi. Nilisema damu imetolewa, imezungushwa, imerudishwa, mwili umeitwa uje kufanya kazi, na kila ulipofika mlangoni Zhuzhuna aliufukuza kwa kisanduku chake cha bati. Nilisema kama anataka kuchoma, achome ukuta.

Zhuzhuna alifunga kisanduku.

"Wewe ulikuwa unatafuta barafu," akasema. "Mimi nilikuwa hapa."

Akaondoka bila kunywa kahawa. Sikumbuki kama iliwahi kutokea kabla ya hapo.

Tulikwenda kwa Mindia tukamweleza. Nilitaka akasirike, nipate mwenzangu. Alivua miwani akaifuta kwa koti lake jeupe.

"Kila mara?" akauliza.

"Kila mara."

"Basi hatutajua," akasema. "Labda zingesaidia na hiyo dawa imezuia. Labda zisingesaidia hata kidogo, kwa magoti haya. Ile nafuu ya asubuhi ilikuwa ya jirani yenu. Iliyobaki siwezi kusema."

"Tuanze upya," Lamara akasema.

"Tunaweza, mama, lakini si sasa, lazima ile dawa iishe mwilini. Na hata tukianza, matokeo huja polepole, kwa miezi. Mbona mna haraka?"

Lamara akaichukua fimbo yake. Mimi nikasema Pasaka ni wiki ijayo. Mindia akarudi kutazama viatu.

Njiani kurudi nilitafuta wa kumlaumu na sikumpata aliyekaa sawasawa. Nikimlaumu Zhuzhuna, alikuwa amempa mke wangu usiku mitatu mizuri, na mimi sijampa hata mmoja. Nikimlaumu daktari, alisema kweli tangu mwanzo, tena kuliko tulivyotaka. Lamara je, nimlaumu kwa kuumwa? Kilichobaki ni lile bango, na tulipotoka nililipita bila kuligusa, ingawa mkono uliniwasha. Jambo lililonisumbua kuliko yote ni hilo neno, hatutajua. Mtu anaweza kuzoea jibu baya. Mimi nilinyimwa jibu, na hadi leo sijalipata.

Ijumaa Kuu Lamara alichemsha mayai kwa ile mizizi ya rangi nyekundu, ameketi, goti juu ya stuli. Hakuzungumzia kilima. Nilikumbuka maneno yake, au siendi, nikaandaa kikapu kimoja kidogo cha mtu mmoja. Alikiona, akaendelea na mayai yake.

Jumatatu asubuhi nilikuta amevaa viatu.

"Jumber aje na kiti?" nikauliza.

"Jumber abaki na nywele zake."

"Sasa utapandaje, Lamara? Jana hukuweza kufika dirishani."

"Leta kikapu kikubwa," akasema.

Kwenye lifti tulimkuta Zhuzhuna, kitambaa cheusi kichwani, sarafu tayari mkononi. Kwapani alikuwa na matakia mawili, yale ya kochi lake yenye maua. Sikuwa nimezungumza naye tangu jioni ile. Aliitumbukiza sarafu, tukashuka sote watatu tukitazama namba.

Pale chini ya kilima watu walikuwa wengi. Jumber na wanawe walikuwa wamesimama wakitusubiri, na walipomwona Lamara wakasogea. Akawanyooshea fimbo wakasimama. Kisha akaigeuzia mgongo ngazi, akashika chuma cha pembeni, akajishusha mpaka akaketi kwenye kidato cha kwanza, uso unatazama mji, miguu imenyooka mbele. Akaweka viganja vyake kwenye kidato cha nyuma yake, akajiinua, akakaa kidato kimoja juu. Ndivyo watoto wadogo wanavyopanda ngazi kabla ya kujua kutembea. Ndivyo Gocha alivyopanda.

"Lamara," nikasema.

"Magoti yamekataa," akasema. "Matako haya Zhuzhuna ameyachoma tangu tukiwa vijana. Leo yalipe."

Zhuzhuna akaweka takia kwenye kidato kinachofuata. Lamara akakaa juu yake. Zhuzhuna akachukua lile la chini, akaliweka juu. Hivyo hivyo, takia na takia. Mimi nilipanda mbele ya miguu yake na kikapu, uso kwa uso naye, njia nzima. Nilikuwa na hasira bado, na hasira ile ilikuwa inapanda pamoja nasi. Watu walitupita na maua yao. "Kristo amefufuka," walisema, na yeye, akihema, alijibu kila mmoja, "Kweli amefufuka." Mzee mmoja asiyemjua alisimama akauliza kama ni nadhiri.

"Ni goti," Lamara akamjibu.

Jumber alitufuata nyuma na kiti tupu, endapo kingehitajika. Mara moja akasema, "Shemeji, kwa mwendo huu tutafika Pasaka ya mwakani, tutakuwa tumejiokolea safari." Safari hiyo Lamara alicheka, ikabidi apumzike kwa sababu ya kucheka.

Alifika. Sketi yake nyeusi ilikuwa nyeupe kwa vumbi la zege, na viganja vilikuwa vimechubuka. Hakutaka kusaidiwa kwenye nyasi pia. Alijisogeza mpaka kwenye jiwe la Gocha, akachukua yai, akaliviringisha mwenyewe kutoka upande wa kichwa hadi miguuni. Likasimama pale kwenye ufa wa jiwe. Nikamwaga divai. Zhuzhuna alikuwa kando, ameshika matakia yake yaliyochafuka. Nilimjazia glasi nikampa. Tulisimama tukanywa kwa ajili ya Gocha, Lamara akanywa ameketi, na hatukusema lolote kuhusu sindano.

Majira ya joto kliniki ilipiga simu. Alikuwa msichana mwenye sauti nzuri, akauliza maswali ya haraka haraka kuhusu mgonjwa wao. Lamara akaninyang'anya simu.

"Je, sasa mama anaweza kupanda ngazi?" nilimsikia akiuliza.

"Napanda," Lamara akasema.

"Bila msaada wa kubebwa?"

"Bila kubebwa."

"Vizuri sana, tumefurahi kusikia," msichana akasema, na nadhani alituandika upande wa waliopona.

Nilikasirika, nikataka kupiga tena nieleze. Lamara akasema niache, hajadanganya hata neno moja. Kweli hakushika hereni.

Alipanda vile kila Pasaka aliyokuwa hai. Bango bado lipo, nimelipita juzi. Yule mwanamke bado anaruka dimbwi. Magoti yangu nayo yameanza kulalamika sasa, hasa la kushoto, nikipanda kilimani kwa hao wawili, Gocha na mama yake. Zhuzhuna amezeeka, haoni vizuri, lakini Jumatatu ya Pasaka hunigongea mlango, na takia moja kwapani.